Picha ya Sanaa Ndani ya Tasnifu: Itoke Wapi, Itajwe Vipi

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama, Kalume Mwakiru, akiwa amesimama mbele ya vigango viwili alivyovisimika kwa ajili ya ndugu zake waliofariki. Kigango, kwa asiyekijua, ni ubao wa mti mgumu uliochongwa na kusimikwa ili kumkumbuka mtu wa chama cha Gohu. Kikishasimikwa, hakiondolewi. Udvardy aliporudi kijijini kumpelekea mzee picha yake, alikuta vigango havipo tena. Vilikuwa vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta.

Ikapita miaka mingi. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa masomo ya Afrika nchini Marekani, Udvardy aliona kwenye slaidi ya mtafiti mwenzake kigango kilichokuwa katika makumbusho ya Illinois State University. Kilikuwa ni kimoja cha vile viwili. Cha pili kilikuja kugundulika Hampton University, jimboni Virginia. Vyote vilirejea kwa familia mwaka 2007, mzee Mwakiru akiwa ameshaaga dunia.

Picha iliyofanya kazi hiyo haikuhitaji kuwa nzuri ya kutundikwa ukutani. Nguvu yake ilikuwa kwamba ilijulikana nani kaipiga, wapi, mwaka gani, ni nani aliyesimama pale na vile vitu ni vya nani. Mwanafunzi anayebandika picha katika sura ya tatu ya tasnifu yake kisha akaandika chini yake "Chanzo: Google" huyatupa yote hayo kwa mkono wake mwenyewe. Google haikuchora, haikupiga picha wala haimiliki chochote hapo. Ni sawa na mtu kuulizwa kitabu kimetungwa na nani, naye akajibu kwamba kimetoka rafu ya juu. Wasimamizi wengi huko nyuma waliliachia jambo hili lipite. Watahini wa nje siku hizi hawaliachii, na wana haki.

Aanze kwa mwenye mali

Kosa la kwanza hufanyika pale mtu anapoandika jina la kazi kwenye kisanduku cha kutafutia na kuchukua picha inayotokea juu kabisa. Makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam yaliyaona madhara yake kwa macho. Yanamiliki mchoro maarufu wa Johannes Vermeer wa mwanamke anayemimina maziwa, uliochorwa takriban mwaka 1660. Ripoti iliyotolewa na Europeana mwaka 2011 inasimulia kwamba mtandaoni zilizagaa nakala mbovu zaidi ya 10,000 za mchoro huo, nyingine zimegeuka manjano kabisa. Wageni walifikia hatua ya kukataa kwamba kadi za posta za dukani, zenye rangi sahihi, zinafanana na mchoro halisi. Nakala mbovu zilikuwa zimeshayafundisha macho yao.

Dawa waliyoiona Rijksmuseum ilikuwa kutoa picha bora bila malipo, ili ile mbovu ikose soko. Mwaka 2012 wakafungua Rijksstudio ikiwa na picha 125,000. Wengine wakafuata. Metropolitan Museum of Art ya New York iliachia picha zaidi ya 375,000 Februari 2017. Art Institute of Chicago ilifuata mwaka 2018 na Cleveland Museum of Art mwaka 2019. Mwaka 2020 makumbusho ya Jiji la Paris yakatoa zaidi ya 100,000, na Smithsonian ya Washington ikafungua mlango kwa picha milioni 2.8 kwa mkupuo mmoja. Mtafiti aliyeko Dodoma, Eldoret au Bukavu ana haki ileile ya kuzipakua kama profesa wa Harvard. Tofauti iliyobaki ni bando.

Kwa hiyo njia iliyonyooka ni hii: mtafiti ajue kwanza kazi inamilikiwa na nani, kisha aende kwenye ukurasa wa kazi hiyo katika tovuti ya mmiliki. Huko atakuta sehemu ya kuchuja zile zilizo wazi kwa umma, kitufe cha kupakua faili kubwa, na maelezo ya kazi yaliyoandikwa na wahifadhi wenyewe. Atafute kwa majina zaidi ya moja. Kazi za Afrika Mashariki zimesajiliwa kwa majina ya zama tofauti: pamoja na "Swahili" ajaribu "Suaheli", pamoja na Tanzania ajaribu "Tanganyika" na "Deutsch-Ostafrika", na Wamakonde awatafute upande wa Msumbiji vilevile.

Google Arts & Culture, iliyoanza mwaka 2011, inafaa sana kwa kukuza na kutazama kwa karibu, ila mara nyingi picha haipakuliki; itumike kujua kazi iko wapi. Wikimedia Commons nayo ni kibao cha njia. Kila faili huko lina mstari unaoeleza lilikotoka, na mstari huo ndio wa kusomwa kabla ya picha yenyewe. Maelfu ya michoro ya Ulaya iliyomo ilitokana na DVD moja ya Kijerumani ya mwaka 2002 yenye kazi 10,000, na rangi zake si za kuaminika kwa mtu anayetaka kuandika juu ya rangi.

Sasa limeongezeka jambo jingine. Mwaka 2023, msichana wa Vermeer mwenye hereni ya lulu alipoazimwa kwenda Amsterdam, makumbusho ya Mauritshuis yaliweka mahali pake kwa muda kazi za watu walioiga mchoro huo, mojawapo ikiwa imetengenezwa kwa akili unde. Picha ya kazi hiyo ilienea mtandaoni kote, na anayepita haraka anaweza kuidhani ni ya karne ya 17. Picha ya kutilia shaka ipitishwe kwenye zana ya kutafutia picha kama TinEye au Google Lens, ionekane ilianza kuonekana wapi na kwa jina gani. Isipofika kwa mmiliki yeyote anayejulikana, iachwe, hata kama imependeza vipi.

Picha za Pwani na maelezo yake ya mashaka

Anayeshughulikia historia ya sanaa ya upwa wetu ana hazina ambazo wengi hawazijui. Mkusanyiko wa Winterton katika maktaba ya Northwestern University, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960, na zinatazamwa mtandaoni bila malipo. Maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt inatunza picha zaidi ya 50,000 za enzi za ukoloni wa Kijerumani. Smithsonian wana hazina ya picha inayobeba jina la mpigapicha Eliot Elisofon. Na mwaka 2017 maonyesho ya sanaa za Waswahili yaliyoanzia Krannert Art Museum, Illinois, yaliacha katalogi ambayo bado ni mahali pazuri pa kuanzia kwa vito, viti vya enzi, milango na makasha.

Tatizo la hazina hizi ni maandishi yaliyo chini ya picha. Kadi za posta za Zanzibar na Mombasa za mwanzoni mwa karne ya 20 zilichapwa kwa ajili ya abiria wa meli. Jina lililochapwa chini ya mwanamke aliyevaa kanga si jina lake. Ni jina alilobandikwa na muuza kadi, na picha ileile inaweza kuuzwa hapa kama "mwanamke wa Kiswahili" na pale kama kitu kingine. Jina la mchapishaji wa kadi nalo huchukuliwa kuwa la mpigapicha, wakati ni watu wawili tofauti. Prita Meier, katika kitabu chake cha mwaka 2024 kuhusu historia ya picha za upwa wa Waswahili, ameonyesha jinsi picha hizi zinavyotaka kusomwa kwa jicho la pili.

Mtafiti afanye hivi: maandishi ya asili ayanukuu jinsi yalivyo, ndani ya alama za mtajo, na lugha yake ileile, hata yakiwa ya kudhalilisha. Kisha chini yake aandike maelezo yake mwenyewe ya kile kinachoonekana. Asiyachanganye. Akisafisha maneno ya mkoloni kimyakimya, atakayemfuata hataipata picha hiyo katika orodha ya Frankfurt. Akiyaacha bila alama, yatasomwa kama maneno yake.

Malkia wawili, namba mbili

Kati ya sura za Afrika zilizochapwa mara nyingi kuliko nyingine ni kinyago cha pembe ya ndovu kilichokuwa nembo ya tamasha la FESTAC la Lagos mwaka 1977. Ni sura ya Iyoba, malkia mama wa ufalme wa Benin katika Nigeria ya leo, na ni kazi ya karne ya 16. Kinyago chenyewe kipo British Museum, London, ambao walikataa kukiazima kwa Nigeria wakati wa tamasha. Lakini Metropolitan Museum of Art kuna pacha wake. Vyote viwili vilitolewa katika jumba la mfalme mwaka 1897, jeshi la Waingereza lilipoiteka Benin. Mtu akiandika jina la FESTAC kutafuta picha, anaweza kuletewa ya New York huku maelezo ya chini yakisema London, na asiyetazama vizuri atainakili vilevile.

Macho yanaweza kuvitofautisha. Kwenye taji la kinyago cha New York, vichwa vya Wareno wenye ndevu vimepishana na samaki wa matopeni. Kwenye kile cha London, taji limejaa vichwa vya Wareno peke yake. Hata hivyo kinachomaliza ubishi kabisa ni namba ya usajili. Cha New York ni 1978.412.323. 1978 ni mwaka kilipoingia katika daftari, 412 ni fungu kilichoingia nalo, na 323 ni nafasi yake katika fungu hilo. Cha London ni Af1910,0513.1, yaani Afrika, mwaka 1910, mwezi wa tano, tarehe 13, kitu cha kwanza. Majina ya kazi hubadilika, tafsiri hutofautiana, tarehe husahihishwa, namba hubaki. Ndiyo maana namba ya usajili, ambayo wanafunzi wengi huiona kama takataka ya ofisini, ndiyo taarifa ya kwanza ya kunakiliwa.

Siyo kwamba namba inamaliza yote. Mmiliki anaweza kubadilika. Mwaka 2022 Ujerumani ilihamishia Nigeria umiliki wa mamia ya kazi za Benin, Smithsonian ikarudisha 29, na makumbusho ya Horniman ya London yakahamisha umiliki wa vitu 72. Kitabu cha mwaka 2015 kinachosema kazi fulani ni mali ya Washington kilikuwa sahihi kilipochapwa, na leo kinaweza kuwa kimepitwa. Kwa Benin yenyewe kuna msaada mkubwa: tovuti ya Digital Benin, ilipofunguliwa Novemba 2022, ilikuwa imekusanya taarifa za vitu zaidi ya 5,000 vilivyo katika taasisi 131 za nchi 20, pamoja na majina yake ya Kiedo. Na katika maandishi ya tasnifu, mwaka 1897 utajwe. Kuandika "kilipatikana Benin" juu ya kitu kilichotekwa vitani ni kuficha.

Pikseli na rangi

Hapa hesabu ni fupi. Kuchapa vizuri kwenye karatasi kunahitaji pikseli 300 kwa kila inchi. Picha inayojaza upana wa maandishi ya karatasi ya A4, tuseme sentimita 16, inataka upana wa karibu pikseli 1,900. Picha ya mtandaoni yenye upana wa pikseli 600 itachapika safi kwa upana wa sentimita 5 tu, ukubwa wa stempu kubwa. Ikivutwa zaidi ya hapo inakuwa ukungu. Kuongeza ukubwa kwa programu hakuleti taarifa ambayo haikuwamo.

Faili likishapatikana, linaharibikia njiani. WhatsApp huipunguza picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida. Itumwe kama dokumenti. Microsoft Word nayo huzibana picha wakati wa kuhifadhi isipozuiwa katika mipangilio, ndiyo sababu picha iliyokuwa kali kwenye kompyuta hutoka stationery imefifia na lawama zikamwangukia mwenye printa. Kupiga picha ya skrini ni njia ya mwisho kabisa. Faili la asili, liwe JPEG au TIFF, liwekwe kando lisiguswe, na kazi ya kukata na kupunguza ifanyike kwenye nakala.

Mtu anayeandika juu ya mpigo wa brashi au nyufa za rangi hana haja ya kupakua kitu kikubwa. Rijksmuseum waliweka mtandaoni mwaka 2022 picha ya mchoro wa Rembrandt wa walinzi wa usiku yenye pikseli bilioni 717, na mtu huikuza hapohapo hadi aone chembe za rangi. Ila atahadhari: mchoro huo ulikatwa kingo mwaka 1715, na mwaka 2021 makumbusho yalionyesha vipande vilivyokosekana vikiwa vimeundwa upya kwa kompyuta. Picha zenye kingo hizo mpya zinazunguka mtandaoni. Anayejadili jinsi Rembrandt alivyopanga watu wake na ajue anatazama ipi.

Nani ana haki

Kila picha ya sanaa ina tabaka mbili za haki: ya kazi yenyewe na ya aliyeipiga picha. Tasnifu nyingi huliona tabaka moja tu, au hazilioni hata hilo.

Kuhusu kazi, sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zinailinda kwa uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Umoja wa Ulaya na Uingereza huhesabu 70. Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972, kwa hiyo kwa hesabu ya Tanzania miaka yake 50 ilitimia mwisho wa 2022. Hapo ndipo watu huteleza: wakaona ndege na chui wa rangi kali juu ya hadibodi, wakadhani kila mchoro wa namna hiyo uko huru. Tingatinga ni jina la mtu na limekuwa jina la mtindo. Michoro ya waliomfuata, kina Simon Mpata, January Linda na Ajaba Abdallah, kila mmoja una hesabu yake, na ya wachoraji wanaofanya kazi leo kwenye kibanda cha Oysterbay ina wenyewe wanaokula kwayo. Sahihi iliyo pembeni ya mchoro isomwe, na jina hilo ndilo liandikwe.

Sam Joseph Ntiro ni mfano wa upande wa pili. Mchoraji huyu wa Uchagani, aliyesoma Makerere na Slade School ya London, akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, alifariki mwaka 1993. Mchoro wake wa mwaka 1956, Men Taking Banana Beer to Bride by Night, uko Museum of Modern Art, New York. Haki zake bado ziko hai hata kwa hesabu ya Tanzania, hadi mwisho wa 2043. Kuonekana bure kwenye tovuti ya makumbusho hakumaanishi kuchapika bure.

Kuhusu mpigapicha, sheria hutofautisha kitu bapa na kitu chenye umbo. Mahakama moja ya New York iliamua mwaka 1999, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel, kwamba picha inayonakili tu mchoro bapa wa zamani haileti hakimiliki mpya, na Umoja wa Ulaya uliandika msimamo kama huo katika mwongozo wake wa mwaka 2019. Kinyago, siwa au mlango wa nakshi ni habari nyingine: mpigapicha amechagua upande, mwanga na kivuli, na hiyo ni kazi yake. Kwa hiyo kinyago cha karne ya 16 kinaweza kuwa huru huku picha yake ikiwa na mwenyewe.

Turudi kwa malkia wawili. Picha ya Metropolitan imetolewa kwa alama ya CC0: haki zote zimeachiwa, hata kwa kitabu cha kuuza. Picha za British Museum hutolewa kwa leseni ya CC BY-NC-SA: jina litajwe, isiwe kwa biashara, na kinachotokana nayo kitolewe kwa masharti yaleyale. Kwa tasnifu, zote mbili zinapita. Siku tasnifu itakapogeuzwa kitabu chenye bei, ya pili inahitaji mazungumzo mapya. Ndiyo maana alama ya leseni iandikwe siku picha inapopakuliwa, si miaka mitatu baadaye mhariri anapouliza.

Sheria za kwetu zina nafasi kwa utafiti, ufundishaji na uhakiki pale chanzo kinapotajwa. Lakini tasnifu za leo haziishii kabatini. Vyuo huziweka kwenye hazina za mtandaoni zinazosomwa dunia nzima, na hapo matumizi ya darasani yanaanza kufanana na uchapishaji. Kwenye shaka, mwanafunzi aiache picha katika nakala ya mtahini na kuweka kiungo tu katika nakala ya mtandaoni. Si aibu, na vyuo vikubwa hufanya hivyo kila siku.

Kuitaja

Maelezo ya chini ya picha yajibu maswali bila kumlazimisha msomaji afungue ukurasa wa mwisho. Kwa kinyago cha New York yangesomeka hivi: "Mchoro 4. Msanii wa Kiedo asiyejulikana kwa jina, Ufalme wa Benin. Kinyago cha kidani cha malkia mama (Iyoba), karne ya 16. Pembe ya ndovu, chuma na shaba. Kimo sm 23.8. The Metropolitan Museum of Art, New York, 1978.412.323. Picha: The Metropolitan Museum of Art, CC0." Vipimo visiachwe. Bila kimo, msomaji hawezi kujua ukubwa wa kinyago hiki kwa kutazama picha peke yake.

"Msanii asiyejulikana" liandikwe tu pale ambapo kweli hajulikani. Wachongaji wengi wa Kimakonde wa karne ya 20 wameandikwa na makumbusho kwa jina la kabila, ilhali waliwauzia wanunuzi ana kwa ana na majina yao yaliulizika. Mtafiti akilipata jina, alitangulize, na aeleze katika tanbihi amelipata kwa nani.

Mitindo ya marejeo inatofautiana, na idara ndiyo yenye kuamua. Kwa APA, toleo la 7, mchoro wa Ntiro unaanza na Ntiro, S. J., mwaka 1956 katika mabano, jina la kazi kwa herufi za mlalo, aina ya kazi katika mabano ya mraba, kisha makumbusho na jiji. MLA, toleo la 9, huandika jina kamili, Ntiro, Sam Joseph, halafu jina la kazi, mwaka, makumbusho na jiji. Chicago inaridhika mara nyingi na maelezo yaliyo kwenye tanbihi au ndani ya maandishi, bila kuiingiza kazi katika orodha ya marejeo. Kwa yoyote kati yao, jina la kazi libaki kama lilivyosajiliwa, tafsiri ya Kiswahili ifuate. Na kama picha imeskaniwa kutoka kitabuni, kitabu hicho kitajwe na ukurasa wake, kwa kuwa mtafiti ameona uchapaji, hajaona kazi.

Picha aliyopiga mtafiti mwenyewe inataka nidhamu ileile. Aombe ruhusa ya makumbusho kwa barua, asitumie mwako, aanze kwa kupiga kibao cha maelezo kisha kitu chenyewe, na aweke kipimo pembeni. Nyumbani kwa watu, jina la mwenye kitu na idhini yake viandikwe siku hiyohiyo. Halafu kuna jambo ambalo simu hulifanya kimyakimya: huandika ndani ya faili mahali hasa picha ilipopigiwa. Kwa vigango au makaburi yaliyo wazi porini, hiyo ni ramani ya mwizi. Mahali pafutwe kabla faili halijatumwa popote, na katika tasnifu itajwe wilaya, si uwanja.

Kumbukumbu hizi zote zina programu zake za bure. Tropy, iliyotoka mwaka 2017, imetengenezwa kwa watafiti wenye maelfu ya picha. Zotero ina fomu maalumu ya kazi za sanaa. Asiyependa programu, daftari la safu nane linatosha: msanii, jina la kazi, mwaka, vipimo, mmiliki na namba, mpigapicha, leseni, kiungo na tarehe ya kukifungua.

Linalochelewesha wengi ni ruhusa. Barua ya kuomba picha iseme kazi gani kwa namba yake, itatumika wapi, nakala ngapi, kwa lugha gani, na kama itawekwa mtandaoni. Iulize pia kama kuna punguzo kwa wanafunzi, maana mara nyingi lipo lakini halitangazwi. Pale mwenye haki asipojulikana, taasisi za hakimiliki ndizo za kuulizwa: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, mengine miezi. Msomaji mwenye sura inayohitaji picha muhula ujao aandike barua yake wiki hii, na nakala ya jibu aihifadhi pamoja na faili la picha.